Kukabidhi Mtoto Si Kumtupa

Swali la kumpeleka mtoto skuli ya serikali au kumsomesha nyumbani si geni kwetu sisi watu wa pwani. Wazee wetu walilitafuna tangu zamani za Waingereza, wakagombana kwalo misikitini na barazani, na wengine walikufa hawajalimaliza. Basi kulisikia tena si ajabu. La ajabu ni mahali nilipolisikia, nako ni Keumbu, huko juu katika nchi ya Wakisii, ambako adhana ni jambo la nadra na mgomba ndio mti wa kila ua.

Keumbu ni mji mdogo wa soko, kando ya barabara itokayo Kisii mjini kwenda Keroka. Msafiri wa basi la Nairobi huutambua kwa ndizi zake kabla ya kuona kibao chochote: mikungu imepangwa njiani kwa mamia, akina mama wameketi mbele yake, na malori yanangoja kuipeleka mijini. Vilima vimelimwa hadi kileleni. Mashamba ni madogo, watu ni wengi, na kila mzazi ajua kwamba hana ardhi ya kuwagawia wanawe wote. Kwa hivyo urithi anaoutumainia kuwaachia ni elimu. Wengi wa wenyeji ni Waadventista na Wakatoliki. Waislamu ni wachache, na walio wengi kati yao wako Kisii mjini, ambako kuna Wanubi wa tangu zamani, Waswahili, na Wasomali wa biashara.

Aliyenitolea swali hilo ni mfanyabiashara mwenye asili ya Malindi, mwenye duka hapo Keumbu. Hakutaka jina lake litiwe gazetini, na haki yake nimeiweka. Amemuoa binti wa Kikisii aliyesilimu, na Mungu amewaruzuku watoto watatu. Mkubwa wao ni msichana wa darasa la sita.

“Ustadh,” aliniambia, “mwanangu hurudi jioni akiimba nyimbo za kanisa, na Juzuu Amma yamtoka kichwani sura baada ya sura. Ijumaa yuko darasani, hana habari. Nimeazimia nimtoe, nimsomeshe mwenyewe humu nyumbani, kama walivyosomeshwa wazee wetu.”

Sikumjibu papo hapo. Maneno yake mengi yalikuwa kweli, na uchungu wake ni uchungu wa baba. Lakini neno lake la mwisho, kwamba hivyo ndivyo walivyosomeshwa wazee wetu, lilinitia mashaka, na kwa neno hilo ndio nimeandika makala haya.

NYUMBA HAIKUWA YA BABA PEKE YAKE

Mkwewe, mzee wa Kikisii aliyekwisha kuona mengi, alikuwapo siku ile. Nilimuuliza watoto wa kwao walifunzwa wapi kabla ya skuli kuingia. Akanieleza kwa Kiswahili chake kizuri mambo ambayo pia yameandikwa na wataalamu waliokaa na Wakisii. Mvulana akikua hakulala nyumbani kwa mamaye. Alihamia *esaiga*, nyumba ya vijana wasiooa, na huko akajua mila kwa waliomtangulia. Msichana alilala kwa bibi yake. Baada ya kutahiriwa, vijana walikaa faragha kwa muda, wakafundishwa na waliokwisha kupita njia hiyo. Juu ya yote hayo kulikuwa na *chinsoni*, yaani sheria za haya na heshima baina ya mzazi na mwana, ambazo zilimkataza baba kuzungumza na mwanawe mambo kadha wa kadha. Yale ambayo baba hawezi kuyasema, babu aliyasema, tena kwa mzaha na kicheko.

Nilipomsikiliza nilijiona niko kwetu. Kwani sisi tulikuwa vipi? Nani kati yetu alifundishwa alifu na baba yake mzazi mpaka akahitimu? Wako, lakini ni wachache, na aghalabu baba huyo alikuwa mwalimu wa chuo mwenyewe. Wengine wote tulishikwa mkono tukapelekwa chuoni, tukaketi juu ya mkeka mbele ya mwalimu ambaye si baba wala ami, tukaanza Baghdadia pamoja na watoto wa mtaa mzima. Msichana alipovunja ungo mama hakuketi naye kumfunza mambo ya kike. Alimkabidhi kwa somo yake, na mama akatoka chumbani. Mvulana aliyetaka useremala au ushonaji alikabidhiwa kwa fundi, hata kama baba naye alikuwa na randa yake.

Kwa hiyo asemaye kwamba kumfungia mtoto nyumbani na baba yake ndiyo malezi ya asili, asili hiyo si ya Malindi wala ya Keumbu. Asili yetu ni kumkabidhi mtoto kwa mwingine anayejua zaidi. Ila kukabidhi huko hakukuwa kutupa. Mwalimu wa chuo alikutana na baba msikitini kila siku, na habari za mtoto zilisemwa baada ya sala. Jioni baba alisema, “Hebu nisomee ulipofika,” na mtoto akasoma huku akitetemeka. Siku ya kuhitimu ilikuwa karamu ya nyumba, na mama ndiye aliyepika. Mtoto alijua kwamba kule alikopelekwa na huku alikotoka macho ni yale yale.

KHOFU YA WAZEE NA GHARAMA YAKE

Khofu ya skuli haikuwa upuuzi. Wamishonari walipoanzisha Freretown, ng’ambo ya Mombasa, mwaka 1875, skuli na kanisa vilikuwa kitu kimoja. Huko Kisii mambo yalikwenda vivyo hivyo: misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu ilifunguliwa mwaka 1911, na Waadventista wakaja Nyanchwa muda mfupi baadaye. Mwenye kutaka kusoma alianzia kwa padri au kwa mchungaji. Mzazi wa Kiislamu aliyemzuia mwanawe asiende huko alikuwa akilinda dini yake, na hapana wa kumlaumu kwa hilo.

Lakini khofu ina gharama, na sisi tuliilipa. Skuli ya serikali ya Waarabu ilifunguliwa Mombasa mwaka 1912, na bado wako wazazi walioiogopa kama waliyoiogopa misheni. Miaka ikapita. Kazi za ofisini, hospitalini na mahakamani zikashikwa na waliosoma, nasi tukabaki kulalamika kwamba tumesahauliwa.

Aliyeliona hilo mapema na kulisema hadharani ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937 na kuushika wadhifa huo hadi alipofariki mwaka 1947. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi yake iliyoitwa *Sahifa*, na mwaka 1932 akatoa gazeti la *Al-Islah*. Humo aliwakemea Waislamu wa pwani kwa pande zote mbili: walioacha dini yao wakaiga mambo ya Wazungu, na walioacha elimu ya kisasa wakidhani kwamba ujinga ni uchaji Mungu. Mwanachuoni huyu hakuona kwamba hesabu na jiografia zaweza kumla mtoto imani yake, maadamu nyumba na chuo vimeshika zamu yao.

Na wako waliofuata njia hiyo kwa vitendo. Chuo cha ufundi cha Waislamu cha Mombasa, tulichozoea kukiita MIOME, kilifunguliwa mwaka 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya wakati ule. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani walimwendea Aga Khan wakalia kwamba watoto wao waingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Mwaka 1986 ikaanza Mombasa madrasa ya watoto wadogo chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said, ambamo Kurani, michezo, hesabu na kusoma vilikaa chini ya dari moja. Mpango huo ukavuka kwenda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Humo mtoto hakulazimishwa kuchagua.

Na kwa anayeogopa mwalimu asiye Muislamu, na akumbuke vita vya Badr. Wapokezi wa sira wamesimulia kwamba mateka wa Kikureshi waliojua kuandika, na ambao hawakuwa na fidia, walikombolewa kwa sharti kila mmoja awafundishe kuandika watoto kumi wa Madina. Mateka hao walikuwa washirikina, tena waliotoka vitani dhidi ya Waislamu. Mtume, sala na salamu zimshukie, hakukhofu kwamba herufi zao zitawapoteza watoto. Alichukua herufi, na akida ikabaki mikononi mwa wenyewe.

MWAKA AMBAO NYUMBA ZOTE ZILIKUWA SKULI

Ndugu msomaji aweza kuuliza: je, hatukujaribu kusomesha nyumbani? Tulijaribu, tena nchi nzima, bila ya kupenda. Maradhi ya korona yalipoingia, skuli zote za Kenya zilifungwa mwezi wa Machi mwaka 2020. Madarasa matatu tu yalirudi tarehe 12 Oktoba, na waliobaki wakarudi tarehe 4 Januari 2021. Kwa miezi hiyo masomo yalipitia redio, televisheni na simu. Mwenye simu nzuri na mzazi mwenye nafasi alijifunza. Huko Keumbu, kwa alivyonieleza mzee yule, watoto wengi walishinda mashambani na sokoni. Redio ilisema na mzazi yuko shambani, na somo likapita kama tangazo la mvua.

Lakini tusiwe watu wa kuona upande mmoja. Mwaka ule ule misikiti ilifungwa, na Ramadhani ikaingia mwezi wa Aprili imefungwa bado. Akina baba ambao miaka yote walisali nyuma ya imamu walilazimika kusimama mbele ya wake na watoto wao na kuwasalisha Tarawehe sebuleni. Wako watoto ambao ile ndiyo mara yao ya kwanza kumsikia baba yao akisoma Kurani kwa sauti. Hilo skuli haiwezi kulitoa, na madrasa haiwezi. Nyumba ndiyo iliyolitoa, nalo halisahauliki.

Mwaka ule, basi, ulitupa mizani. Nyumba peke yake ilishindwa kufundisha sayansi na hesabu, hasa nyumba ya mtu wa kipato kidogo. Lakini palipohitajika sauti ya baba katika sala, hakuna aliyeweza kushika nafasi yake.

SHERIA NA VITABU

Yafaa pia tuitazame sheria, kwa kuwa mfanyabiashara wangu hakuwa ameitazama. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto anahudhuria skuli, na asiyefanya hivyo bila ya sababu aweza kushitakiwa. Sheria hiyo hiyo inazitaja madrasa na duksi kwa majina yake, jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Wako wazazi nchini, wengi wao Wakristo, wanaosomesha watoto wao nyumbani, na jambo lao limefika hata mahakamani. Tena mtoto wa darasa la sita ana tathmini ya taifa mwisho wa mwaka, na skuli yake ndiyo inayomwandikisha. Kumtoa mwaka huo ni kumkatia ngazi akiwa katikati.

Kuhusu vitabu, rafiki yangu alikuwa ameelekezwa kwenye mtaala mmoja wa nyumbani unaotumika sana na familia za namna hiyo. Nilipomtajia asili yake alishika kichwa. Mtaala huo ni wa Accelerated Christian Education, ulioanzia Texas, Marekani, mwaka 1970, na mafunzo ya Biblia yamo ndani yake, hata katika vitabu vya hesabu. Mtu akimbia wimbo wa kanisa wa dakika tano uani kwa skuli, akaenda kununua kitabu kizima akakiweka juu ya meza yake!

MWENYEWE YUASEMAJE?

Baada ya hayo yote nilimuuliza baba jambo moja: “Na mtoto mwenyewe yuasemaje?” Akanyamaza. Hakuwa amemuuliza. Mama yake ndiye aliyemwita.

Msichana alikuja akatushika mikono, akaketi kando ya mamake. Aliongea Kiswahili cha Malindi na baba, Kikisii na babu, na madaftari yake nilipoyafungua yalikuwa ya Kiingereza. Nilimuuliza angependa asome wapi. Akafikiri kidogo, kisha akasema, “Ami, baba akinifundisha hesabu, zote zitakuwa za duka.” Tukacheka, na baba akacheka zaidi yetu. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba angetaka kuwa daktari, maana hospitali iko pale pale Keumbu na kila siku aona wauguzi wakipita. Na Juzuu Amma? Akasema aipenda, lakini hapana mtu wa kumsikiliza akisoma. Baba hufunga duka saa tatu za usiku.

Wimbo wa kanisa umeingia kwa sababu ulikuta nafasi. Mtoto husikia wimbo kila asubuhi na kuuimba pamoja na wenzake mia mbili, na sura aliyohifadhi haina wa kumsikiliza hata mmoja. Kumtoa skuli hakuwezi kumpa baba saa moja zaidi ya jioni. Baba ambaye hapati nafasi ya kusikiliza sura ya aya nane, atapata wapi nafasi ya kufundisha masomo yote ya darasa la sita mchana kutwa, na huku wateja wako mlangoni?

Basi nilimpa rai yangu kwa mambo matatu.

La kwanza, aende skuli, tena kwa upole, akaonane na mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Skuli nyingi za serikali huko zina kanisa kama mfadhili, lakini ni skuli za serikali. Kifungu cha 32 cha Katiba chasema kwamba hapana mtu wa kulazimishwa kushiriki jambo lililo kinyume cha imani yake. Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo rasmi katika mtaala wa nchi, na ikiwa hakuna wa kulifundisha pale, familia za Kiislamu ziulize pamoja namna ya kulipanga. Mambo haya huamuliwa vizuri zaidi mezani. Kesi ya hijabu ya skuli moja ya Isiolo ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani, ambako mwaka 2016 wanafunzi walipewa haki ya kuvaa, kisha mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya utaratibu wa kesi, na jambo likarudishwa kwenye mashauriano na skuli. Miaka ya mahakama ni mingi kuliko miaka ya mtoto darasani.

La pili, achukue wakati ulio baina ya Magharibi na Isha. Wazee wetu hawakuuchagua wakati huo kwa bahati. Ni muda wa zaidi ya saa moja, jua limekwisha kuzama, kazi za shamba zimekoma, na darsa nyingi za pwani mpaka leo husomwa wakati huo. Duka lifungwe kwa muda au mtu awekwe. Hasara ya sukari na sabuni ya saa moja yahesabika, na kipato cha saa hiyo kwa mtoto hakihesabiki. Na mama, aliyesilimu akiwa mtu mzima, asome pamoja na wanawe. Mtoto amwonaye mamake akijifunza herufi moja naye hatadhani kwamba kusoma ni adhabu.

La tatu, siku za mapumziko awapeleke watoto Kisii mjini kwa ustadhi, pamoja na watoto wengine wa Kiislamu. Mtoto aliye peke yake darasani ahitaji kuona kwamba hayuko peke yake duniani.

Baba alikubali la pili mara moja, la tatu kwa kuhesabu nauli, na la kwanza kwa kusitasita. Mama alisema la kwanza atalifanya yeye, kwa kuwa wale walimu ni watu wa kwao na ajua namna ya kusema nao. Mzee mkwewe akatikisa kichwa kwa kuridhika.

NA SISI WA PWANI?

Yaliyosemwa Keumbu yanatuhusu sisi zaidi. Mfanyabiashara yule ana udhuru: hana msikiti mlangoni, hana madrasa mtaani. Sisi tunavyo vyote viwili, na labda kwa sababu hiyo tumelala. Mtoto huamka akenda skuli, alasiri madrasa, jioni masomo ya ziada, na usiku simu. Tumemkabidhi kwa watu wanne, na hata mmoja hatumwulizi. Ada tukishazilipa twaona tumemaliza.

Neno la kwanza alilofunuliwa Mtume wetu lilikuwa amri ya kusoma, na hakuambiwa asome wapi. Twaweza kusoma skuli, twaweza kusoma chuoni, twaweza kusoma nyumbani. Lakini mwenye kuweka amana kwa watu huiulizia. Mtu akiweka ng’ombe wake kwa jirani, haupiti mwezi hajaenda kumtazama pembe.

Basi leo baada ya Magharibi, kabla ya kuinuka kwenye msala, muulize mwanao maswali mawili. Mwalimu wako wa darasa ni nani jina lake? Na umefika sura gani? Ukiyajua majibu kabla hajayatamka, wewe umekabidhi. Ukiwa huyajui, keti umsikilize.